Hesabu ya damu kabla ya leba: mwongozo kwa mjamzito aliyeambiwa damu yake ni kidogo

Mama akifariki kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, watu huuliza ya usiku ule: mkunga alikuwa wapi, gari lilichelewa kwa nini. Ni maswali ya haki. Lakini kwa mama aliyeingia leba na hemoglobini ya 7, sehemu kubwa ya hatari ilianza miezi kadhaa nyuma, siku alipoambiwa kliniki "damu kidogo, meza dawa" na asitokee mtu wa kumpigia hesabu ya wiki zilizobaki. Hesabu hiyo ndiyo tunayoipiga hapa, pamoja na mambo ya kupanga endapo wiki hazitoshi.

Ijue namba yako

Kipimo ni hemoglobini. Kwenye kadi huandikwa Hb, kwa gramu katika desilita moja ya damu. Mjamzito mwenye 11 au zaidi hana upungufu wa damu. Katika miezi mitatu ya katikati hata 10.5 inakubalika, kwa kuwa maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, na damu huonekana nyepesi. Kuanzia 10 hadi 10.9 ni upungufu mdogo, 7 hadi 9.9 ni wa kati, chini ya 7 ni upungufu mkali na hausubiri tarehe ya kurudi kliniki.

Omba kipimo angalau mara tatu: hudhurio la kwanza, kati ya wiki ya 26 na 28, na wiki ya 36. Kuangalia weupe wa viganja na ndani ya kope kunasaidia kumtambua aliyeishiwa kabisa, ila mwenye 9 anaweza kupita mbele ya mkunga mzoefu bila kugundulika. Hapa Uganda, kituo cha afya daraja la III huwa na maabara. Ukiambiwa vifaa vimekwisha, uliza vitarudi lini, au pima kwenye maabara ya kulipia iliyo karibu na upeleke jibu likaandikwe kwenye kadi.

Kipimo cha kidole nacho kina makosa yake. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu, likatumika linalofuata. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, majimaji ya nyama huchanganyika na damu na namba hushuka kuliko ilivyo. Ukipata jibu lisiloeleweka, kwa mfano 11.2 mwezi uliopita na leo 7.9 huku huumwi wala hujatoka damu, omba lirudiwe kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa nini namba hiyo inahusu leba

Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba hufika mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba kujikaza na kuibana. Misuli ikilegea, damu hutiririka. Ulegevu huo ndio chanzo katika visa vingi, takriban saba kati ya kumi. Vilivyobaki ni michaniko, vipande vya kondo vilivyosalia ndani, na damu isiyoganda.

Mwenye upungufu wa damu anaumizwa mara mbili. Kwanza, yuko katika hatari zaidi ya kuvuja. Utafiti wa WOMAN-2 uliofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan kwa wanawake wenye upungufu wa kati na mkali ulionyesha kuwa kila gramu 1 ya Hb inayopungua kabla ya kujifungua inaendana na ongezeko la karibu asilimia 29 la uwezekano wa kuvuja damu kupita kiasi. Waliokuwa na upungufu wa kati, 6.2 kati ya kila 100 walivuja damu nyingi. Wenye upungufu mkali, 11.2. Pili, kiasi kilekile cha damu kikimtoka, yeye huzidiwa mapema. Jerikeni iliyojaa nusu haivumilii tundu kwa muda sawa na iliyojaa pomoni.

Utafiti huohuo ulijaribu kuwachoma wanawake hao dawa ya traneksamiki mara tu baada ya mtoto kutoka, ili kuzuia damu isianze kuvuja. Haikuzuia. Dawa hiyo ina kazi yake, tutaifikia, lakini hakuna sindano ya leba inayolipa deni la vidonge ambavyo havikumezwa.

Vidonge: kipimo, saa, na hesabu

Kwa kuzuia, mjamzito humeza kila siku kidonge chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi. Aliyekwisha kupungukiwa hupewa miligramu 120 za chuma kwa siku, yaani mara nyingi vidonge viwili badala ya kimoja, hadi Hb irudi 11, kisha anashuka kwenye kipimo cha kawaida. Usijipandishie mwenyewe; mkunga aandike.

Soma paketi kwa makini. Uzito mkubwa ulioandikwa mbele mara nyingi ni wa chumvi nzima ya dawa, si wa chuma chenyewe. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma cha takriban miligramu 65. FEFO za kliniki huwa zina vyote viwili, chuma na foliki, kwa kiasi kinachofaa. Tahadhari ni kwa kile kidonge kidogo cha foliki asidi cha miligramu 5. Kipimo hicho kikubwa huipunguzia Fansida nguvu ya kukukinga na malaria, kwa hiyo ukipewa vyote viwili siku moja, uliza.

Saa ya kumeza ina uzito sawa na dawa yenyewe. Chai na kahawa hukifunga chuma tumboni kisipite kwenda kwenye damu, na maziwa pia hukipunguza. Chai ya maziwa ya asubuhi basi, ile tuipendayo na mandazi, ni adui wa pande mbili. Meza kidonge saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake, kwa maji au maji ya chungwa, pasheni au ndimu. Dawa za kiungulia zitenge vilevile. Kikikuchefua tumbo likiwa tupu, kimeze baada ya chakula cha jioni ukielekea kulala: kitafyonzwa kidogo kuliko ambavyo kingefyonzwa, lakini kitakaa tumboni. Kilichotapikwa hakina faida.

Choo kitakuwa cheusi. Ni kawaida, ni chuma kisichofyonzwa kinachotoka. Choo kigumu kinatulizwa kwa maji mengi, papai na mboga. Wanaoacha dawa, wengi huacha hapa, katika wiki mbili za kwanza, na mara nyingi kwa ushauri wa mama mkwe au shangazi anayesema vidonge vinamkuza mtoto tumboni hadi apasuliwe. Mtoto hakui kupita kiasi kwa sababu ya chuma. Mtu huyo anayeshauri apelekwe kliniki hudhurio moja asikie kwa musawo (mhudumu wa afya) mwenyewe. Hushawishika haraka kuliko akielezwa nyumbani.

Weka vidonge juu, mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza kiganja kimoja anaweza kufa.

Hesabu sasa. Ukimeza vizuri, Hb hupanda karibu gramu 1 kila wiki tatu au nne. Mwenye 8 anayetaka kufika 11 anahitaji gramu 3, sawa na wiki 9 hadi 12. Akigunduliwa wiki ya 24 ana muda wa kutosha. Akigunduliwa wiki ya 36, vidonge peke yake havitamfikisha hata vikimezwa bila kukosa, na asidanganywe kwamba vitatosha. Huyo anahitaji njia nyingine: chuma cha dripu, ambacho hutolewa hospitali kuanzia miezi mitatu ya katikati na kuendelea (miezi mitatu ya kwanza hakitumiki), au kuongezewa damu kama Hb iko chini ya 7 na siku zimekaribia. Yeyote aliyeanza vidonge apimwe tena baada ya wiki nne. Kama haijapanda hata gramu 1, kuna tundu mahali.

Kutafuta tundu

Swali la kwanza ni kama vidonge vinamezwa kweli, na vinashushiwa kwa kinywaji gani. Mume au dada ahesabu vilivyobaki. Thelathini vya mwezi huu vikibaki kumi na nane, jibu limeshapatikana.

La pili ni malaria, ambayo katika sehemu nyingi za Uganda ndiyo inayokula damu ya wajawazito kimyakimya, wakati mwingine bila homa. Fansida huanza wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mara moja mbele ya mkunga, na kurudiwa kila baada ya mwezi angalau mara tatu hadi kujifungua. Anayetumia Septrini kwa sababu ya VVU hapewi Fansida. Septrini inamtosha, na viwili pamoja vina madhara. Lala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, si msimu wa mvua tu.

La tatu, minyoo. Safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, na huingia kupitia nyayo tupu shambani. Albendazoli miligramu 400 mara moja, baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, inatosha. Wanaoishi kando ya Ziwa Albert, Ziwa Victoria na mto Nile wamweleze musawo kwamba huchota na kufua ziwani, ili wapimwe kichocho.

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nzito upande wa Lango, Acholi, Busoga na Bundibugyo. Aliyekulia na maumivu ya mifupa na macho ya njano tangu utoto asipewe vidonge vya chuma na kuachwa hivyo. Mimba yake ni ya hospitali tangu mwanzo. Anayetumia ARV zenye zidovudini naye aitaje, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza damu kwa baadhi ya watu.

Na kuna udongo. Emumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba unaouzwa masokoni kwa ajili ya wajawazito, pamoja na mawe laini ya kutafuna, hukishika chuma tumboni kisifyonzwe. Hamu ya kula udongo yenyewe ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Anayetafuna udongo asigombezwe, apimwe.

Chakula kwa ufupi

Chakula hulinda damu iliyopo. Ukishashuka hadi 8, hakitakupandisha peke yake kwa wakati. Chuma kinachofyonzwa vizuri kiko kwenye nyama, samaki na mukene (dagaa). Mukene iliyosagwa na kutiwa kwenye uji wa ulezi au mchuzi wa karanga haigharimu sana. Ini ni zuri, kipande kidogo mara moja kwa wiki, ila liepukwe miezi mitatu ya kwanza kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Maharage, dodo (mchicha), nakati (mboga ya majani ya jamii ya bilinganya) na majani ya kunde yana chuma kigumu kufyonzwa. Ndimu au nyanya mbichi pembeni hukifungua, na kuloweka maharage usiku kucha kisha kumwaga maji husaidia pia. Juisi ya biitiruti haina ubaya, lakini wekundu wake si chuma. Pesa ya biitiruti ingenunua mukene.

Kujifungulia wapi

Namba ya wiki ya 36 ndiyo inayoamua. Mwenye 11 au zaidi, bila tatizo lingine, anaweza kujifungulia kituo cha daraja la III chenye mkunga. Mwenye 7 hadi 9.9 apange kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza: hospitali, au kituo cha daraja la IV ambacho kweli kina damu kwenye friji. Swali hilo liulizwe kabla, kwa maneno haya: "Damu ya kundi langu ipo hapa, au huagizwa kutoka wapi?" Vipo vituo vya daraja la IV vyenye chumba cha upasuaji bila damu. Damu yote hutoka benki za damu za taifa, Nakasero jijini Kampala na matawi ya mikoani kama Gulu, Mbale, Mbarara, Arua na Fort Portal, na mgonjwa halipishwi. Mwenye kundi hasi (lenye alama ya kutoa, kama O-) aanze kuuliza mapema zaidi. Chini ya 7, usingoje uchungu. Nenda hospitali ya rufaa sasa.

Mpango wa kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ni pia kwa mwenye 10 aliyebeba mapacha, aliyewahi kuvuja damu uzazi uliopita, aliyepasuliwa, au aliyezaa mara tano na zaidi.

Andika kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango: namba za simu za waendesha boda au gari wawili wanaokubali kutoka usiku, kundi lako la damu, Hb ya mwisho na tarehe yake, na jina la atakayekusindikiza. Weka pesa ya mafuta pembeni. Anayeishi visiwa vya Kalangala au Buvuma, au milimani, asingoje uchungu kuanza. Ahamie kwa ndugu karibu na hospitali wiki mbili kabla. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu achana nazo: baadhi hukaza mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika, hata ukapasuka.

Leba: mambo ya msindikizaji kuyakodolea macho

Ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na baada ya kuhakikisha hakuna pacha, mama huchomwa oksitosini uniti 10 kwenye paja. Ndiyo sindano muhimu kuliko zote kwake. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyolala kabatini kwenye joto hupoteza nguvu, na hapo mkunga hushangaa kuona damu haikatiki. Pasipokuwa na oksitosini nzuri, misoprostoli vidonge vitatu vya mikrogramu 200 humezwa. Kitovu cha mtoto kikatwe baada ya dakika 1 hadi 3. Damu hiyo ni ya mtoto na haimpunguzii mama chochote.

Kondo likitoka, mkunga hulikagua kama limekamilika, kisha hupapasa tumbo kila dakika 15 kwa saa mbili. Mji wa mimba unapaswa kuwa mgumu, chini kidogo ya kitovu. Kibofu kilichojaa huuzuia kujikaza, kwa hiyo mama akojoe mapema.

Damu ipimwe, isikisiwe. Shuka na kanga huficha nyingi mno, na macho hukosea kwa kupunguza. Zamani tuliambiwa tungoje mililita 500. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2025 unasema hatua zianze kwenye mililita 300, sawa na chupa ndogo ya soda, endapo mapigo ya moyo yamezidi 100 au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100. Na kwa mililita 500 hata kama vipimo vingine ni vizuri. Kwa mama aliyeingia na Hb ya 8, hiyo chupa ndogo ya soda ndiyo ya kuikumbuka. Msindikizaji akiona kitambaa kimelowa chapachapa ndani ya dakika tano, au damu inachuruzika mfululizo bila kukatika, amwite musawo hapohapo, hata mara tatu. Kuita si kukosa heshima.

Matibabu huenda kwa pamoja, si moja baada ya jingine: kukanda mji wa mimba, oksitosini zaidi, traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, dripu, na ukaguzi wa michaniko na kondo. Traneksamiki hufaa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na kila robo saa inayopita hupunguza faida yake. Kama rufaa inatajwa, uliza imeshatolewa kabla gari halijaondoka.

Mtoto akitokea njiani au nyumbani

Mkaushe mtoto, mlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye. Kunyonya hukaza mji wa mimba. Usivute kitovu. Kama mama alipewa misoprostoli kliniki kwa dharura kama hii, ameze vidonge vitatu mara mtoto akitoka, ukishapapasa tumbo na kuhakikisha hakuna mwingine. Kabla mtoto hajatoka, kamwe: vinaweza kupasua mji wa mimba.

Kondo likishatoka, tafuta mji wa mimba karibu na kitovu. Ukiwa laini kama unga wa chapati uliokandwa, ukande kwa mzunguko kwa kiganja, kwa nguvu, hadi ugeuke mgumu, na urudie kila ukilegea. Mama akojoe. Kama tumbo ni gumu na damu bado inatoka, huenda ni mchaniko: kandamiza kitambaa safi hapo. Mlaze bapa, miguu juu, mfunike, na safari ianze wakati huohuo. Kukanda kuendelee garini. Kondo lisipotoka kwa nusu saa, nenda nalo likiwa ndani. Likitoka, libebe kwenye mfuko likakaguliwe.

Siku zinazofuata

Usikubali kuruhusiwa kabla ya saa 24. Damu ya kawaida ni nyekundu siku tatu nne, kisha hufifia kuwa kahawia, halafu majimaji ya njano au meupe. Ikirudi nyekundu na nyingi, ikatoka na mabonge, ikanuka, au homa ikaja, rudi hospitali hata kama ni wiki ya tatu. Mara nyingi ni kipande cha kondo au maambukizi. Kizunguzungu ukisimama, kuhema ukitembea hatua chache na moyo kwenda mbio si "uchovu wa uzazi".

Vidonge viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Siku ya kumpeleka mtoto chanjo ya wiki 6, omba na wewe upimwe Hb. Sasa huna mimba, kiwango chako ni 12. Ukiwa chini ya hapo, chukua vidonge vingine, na kabla ya kutoka pitia meza ya uzazi wa mpango: mimba nyingine isubiri angalau miezi 24, maana akiba ya chuma hujaa polepole.